Nyasi Zilizosimama

Hati ya mashtaka ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Ilibaki sahihi moja tu, ya Inspekta Wabwire, kisha Wakhisi angepandishwa kizimbani Jumatatu saa tatu asubuhi kwa kosa la kuvunja bwawa la tajiri wake kwa makusudi. Ilikuwa Ijumaa. Wabwire aliifunga kalamu, akaiacha hati mezani bila sahihi, akashuka korokoroni.

Wakhisi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, viganja juu ya magoti. Alikuwa mtu wa makamo kutoka upande wa Bungoma, na kwa miaka sita alikuwa mwangalizi wa mabwawa mawili ya Bildad Kangethe chini ya vilima vya Kisian. Alfajiri ya Jumanne, baada ya mvua kubwa kuliko zote za mwaka ule wa 1974, bwawa la chini lilipasuka. Maji yalishuka na nyumba ya Mama Sewe, mjane aliyekaa ng'ambo ya kijito. Mama Sewe alitolewa kwenye matope akiwa hai, paja limevunjika. Wakhisi naye alikutwa palepale bwawani, jembe mkononi.

"Hebu nieleze tena," Wabwire alisema, akachuchumaa ili wawe sawasawa. "Polepole. Sina haraka."

"Nimeshaeleza, afande. Waliandika."

"Waliandika mistari minne. Habari ya mtu haiwezi kuisha kwa mistari minne."

Wakhisi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Bwawa lile lina mfereji wa kando. Maji yakizidi yanatoka kwa huo mfereji, hayapandi ukuta. Sasa mzee aliweka samaki. Mwaka jana mvua ilipokuja, samaki wakatoka na maji. Akaleta wavu wa waya akaukaza pale kwa mlango wa mfereji. Mimi nikamwambia, mzee, huu wavu utashika takataka. Akaniambia nitakuwa nikiusafisha."

"Ukawa ukiusafisha?"

"Kila siku. Lakini ile usiku mvua haikupumzika. Nilipofika asubuhi takataka imejaa hata kijiti hakipiti. Nikavuta, haivutiki. Maji yanapanda tu. Nikachukua jembe nichimbe kando ya nguzo nipate njia nyingine. Sijafika mbali, nikasikia ukuta katikati unalia."

"Unalia?"

"Unalia, afande. Ukishausikia hutauliza tena."

Wabwire alifungua daftari lake. "Bwana Kangethe ameapa kwamba hapakuwahi kuwa na wavu. Na askari waliofika saa tatu hawakuuona."

"Saa tatu ni mbali na alfajiri," Wakhisi alisema. "Mimi nilifungwa pingu na vijana wa kijiji saa kumi na mbili, nikakalishwa barabarani. Sikuona kilichofanyika nyuma yangu." Kisha akasita, kama mtu anayeona aibu kuomba. "Lile bwawa la juu, afande. Lile lililo juu ya shule. Kuna mtu analiangalia siku hizi?"

"Lina shida gani?"

"Halina shida. Ni hivi tu, mvua bado ipo, na mimi niko hapa."

Wabwire aliinuka. Alikuwa na miaka minne katika upelelezi na alishasikia watu wa kila aina wakijitetea kutoka sakafu ile. Hakukumbuka aliyewahi kuulizia hali ya mali ya mtu aliyemshtaki.

*

Sajini Tom aliendesha Landrova kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika muhogo wa kuchoma. Alikuwa mwenyeji wa Asembo Bay, mnene, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, na hakuwa na imani kubwa na binadamu.

"Wewe Inspekta unapenda sana hawa watu wa korokoroni," alisema walipoipita Kisian na kukata kona kuelekea vilimani. "Mtu anashikwa na jembe kwa bwawa. Bwawa imepasuka. Mimi ningetia sahihi, niende kula."

"Unakula sasa hivi."

"Hii si kula. Hii ni kushikilia roho."

Bwawa la chini lilikuwa limebaki shimo la tope linalometameta juani. Ukuta wake ulikuwa wa udongo uliopangwa na kushindiliwa, wenye kimo cha watu wawili, umeota nyasi pande zote. Katikati yake palikuwa na pengo ambalo lori lingepita bila kugusa kando. Wabwire alivua viatu, akakunja suruali, akaanza kwenye ncha ya mashariki. Alimwambia Tom ahesabu hatua.

"Kutoka pengo mpaka shimo la jembe," Tom alisema baadaye, akihema, "hatua arobaini na moja."

Shimo la jembe lilikuwa ukingoni mwa mfereji wa kando, katika ardhi ngumu yenye changarawe. Lilikuwa fupi, la kina cha goti, na halikuwa limefika kwenye maji.

"Sajini, wewe unataka kuvunja ukuta huu. Una jembe. Unaanzia wapi?"

"Naanzia katikati. Udongo ni laini, na maji mengi iko hapo."

"Kwa nini huyu akaenda kuchimba mawe, hatua arobaini na moja kutoka hapo?"

Tom alikuna kidevu. "Labda ni mjinga."

"Miaka sita anautunza ukuta huu. Labda." Wabwire alishaanza kutembea juu ya mgongo wa ukuta, ameinama kama mtu aliyeangusha shilingi. "Njoo uone nyasi."

Nyasi za juu ya ukuta, kulia na kushoto kwa pengo, zilikuwa zimelala chini zote, vichwa vyao vikielekea bondeni, matope yamekauka juu yake. Zilikuwa kama nywele zilizopitishwa kitana. Wabwire alizifuata hatua kumi na nane upande mmoja, kumi na tano upande wa pili.

"Maji yalipita juu ya ukuta kabla haujapasuka," alisema. "Yalipita kote huku. Mtu akichimba pengo, maji hukimbilia pengoni. Hayasambai hivi. Na palipopasuka ndipo ukuta ulikuwa mfupi zaidi. Unaona kwato? Ng'ombe wamekuwa wakivukia hapa kwa muda mrefu, wamepachimba kwa miguu."

"Sawa. Bwawa ilijaa ikamwagika. Mvua ilikuwa kubwa."

"Sasa twende mfereji."

Mfereji wa kando ulishuka taratibu kuzunguka ncha ya ukuta hadi kijitoni. Ulikuwa na upana wa kitanda na ulipandwa nyasi vizuri, ishara ya mkono wa mtu mwangalifu. Nyasi hizo zilikuwa zimesimama wima. Kati ya mashina mawili buibui alikuwa ametanda utando, nao ulikuwa mzima.

Tom alitazama utando. Akatazama nyasi zilizolala kule ukutani. Akaweka muhogo chini.

"Omera, ndugu yangu," alisema polepole. "Hapa hapakupita maji."

"Mfereji uko chini kuliko ukuta kwa kimo cha goti. Maji lazima yaanzie hapa kabla hayajafika kule. Mvua kubwa kuliko zote za mwaka, na njia yake yenyewe haikupitiwa na maji. Kwa nini?"

"Kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa."

"Na ulifungwa na kitu gani?"

Walipiga magoti kwenye mlango wa mfereji. Udongo wa pale ulikuwa wa kijivu. Lakini huku na huku, ukingoni, palikuwa na viraka viwili vya udongo mwekundu wa kichuguu, kila kimoja saizi ya kikombe, vimeshindiliwa kwa kisigino. Wabwire alichokonoa kimoja kwa kijiti. Kijiti kilizama mpaka mwisho.

"Mashimo ya nguzo," alisema.

Hatua chache nyuma ya kichaka walikuta rundo la takataka: mabua ya mahindi, majani ya migomba, matawi, vyote vimebanana na kuwa bapa kama mkeka. Wabwire aliinua kipande akakigeuza. Upande wa chini, kwenye tope lililokauka, palikuwa na alama za miraba midogo, mistari kwa mistari, safi kama daftari la hesabu. Alitoa penseli mfukoni. Ncha yake ilijaa mraba mmoja barabara.

"Hii si wavu ya kuku," Tom alisema. "Ya kuku kidole gumba kinapita."

"Ya samaki je?"

"Sisi Asembo tunavua na nyuzi, Bwana Inspekta, hatuna habari na waya. Na hii tundu ni ndogo hata dagaa anaona aibu. Mtu gani ananunua wavu kama hii?"

Wabwire alikifunga kipande kile ndani ya gazeti, taratibu, kama mtu anayefunga mayai.

*

Shahidi mkuu wa mashtaka alikuwa Mzee Okumba, jirani mwenye ng'ombe kumi na wanne. Walimkuta akifunga ua wake juu kidogo ya bwawa. Alisalimia vizuri, akawapa viti, akabaki amesimama.

"Mzee, umeandikisha kwamba ulimwona Wakhisi akichimba ukuta," Wabwire alisema.

"Nilimwona kwa macho yangu haya."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapa hapa kwa boma."

"Nionyeshe kwa mkono alipokuwa."

Mkono wa Okumba ulinyooka bila kusita. Ulielekea kwenye mfereji.

"Pale si ukuta, mzee."

"Mimi nilisema bwawani. Huyo askari ndiye aliandika ukuta. Yeye ana kalamu, mimi nina fimbo."

Tom alicheka. Wabwire hakucheka. "Na uliona wavu pale?"

"Waya? Ilikuwepo. Tangu mwaka jana. Watoto wetu walikuwa wanaokota samaki, hawa ngege, kwa kijito bwawa ikimwagika, na huyu mzee wa bara akakasirika akaziba." Okumba alikohoa. "Lakini hiyo hakuna mtu aliniuliza."

"Na wewe hukuisema."

Okumba alitazama ng'ombe wake, kisha miguu yake.

"Ungesema habari ya wavu," Wabwire alisema kwa upole, "tungekuja kupima. Tungepima ukuta, tungeona kwato."

Mzee alishusha pumzi. "Ile njia ni fupi kwenda kwa majani. Wakhisi alinikataza. Alinikataza mara nyingi, na heshima. Nilifikiri ng'ombe ni kitu gani kwa ukuta mkubwa hivyo." Akaketi hatimaye. "Min Sewe, huyo Mama Sewe, ni shemeji yangu, Inspekta. Nilienda hospitali jana, nikashindwa kuingia."

Wabwire alitoa karatasi mpya. "Basi tuandike upya. Yote mawili, wavu na ng'ombe. Mimi nitaandika, Sajini atakusomea, na usipoisikia sauti yako usiweke kidole."

Ilichukua nusu saa. Mwishoni Okumba aliweka kidole gumba chake, akakitazama kile kidole kwa muda.

*

Nyumba ya Bildad Kangethe ilikuwa ya matofali, paa la mabati mekundu, umbali wa dakika tano juu zaidi. Mkewe, Rahab, aliwapokea kwa chai kabla hata hawajasema wamefuata nini. Mzee alikuwa ndani akibadilisha shati, alisema, atatoka sasa hivi. Alikuwa mama mtaratibu, na alipoweka vikombe alisahau sukari, akarudi kuifuata.

"Umepata usingizi siku hizi, Mama?" Wabwire aliuliza.

"Kidogo. Tangu Jumanne, kidogo."

Wabwire alichukua kikombe chake akatoka nacho uani, kama mtu anayetafuta upepo. Nyuma ya jiko palikuwa na banda la kuku, jipya, mbao zake bado nyeupe. Mbele limefungwa kwa wavu wa waya wa miraba midogo. Alisimama mbele yake akanywa chai. Nusu ya chini ya wavu ilikuwa na rangi ya tope iliyoingia hadi ndani ya maungio, tope ambalo ndoo moja ya maji haitoi. Na kwenye maungio hayo, yakimetameta, palikuwa na magamba ya samaki.

"Unapenda kuku, Inspekta?"

Kangethe alikuwa amesimama mlangoni. Mtu mrefu, mwenye mvi za mapema, shati limefungwa kifungo cha shingo. Alikuja Kisumu kabla ya Uhuru kama karani wa reli, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, na sasa alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa kutegemewa katika harambee za wilaya.

"Napenda banda hili," Wabwire alisema. "Ni la lini?"

"La juzi."

"Jumatano?"

"Yawezekana."

"Na wavu huu, Mzee, unaitwaje? Sajini wangu hajawahi kuuona hapa ziwani."

"Ni wa kahawa." Kangethe alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kule kwetu Murang'a tunautandaza juu ya meza, tunaanikia kahawa juu yake. Nilikuja na bunda moja nilipofunga shamba la marehemu baba. Kuna ubaya?"

"Hakuna. Una magamba ya samaki."

"Tunawapa kuku vichwa vya samaki. Kila mtu hapa anafanya hivyo."

Jibu lilikuwa zuri. Wabwire alilikubali kwa kichwa. Tom, aliyekuwa ameegemea nguzo, alikunja uso.

"Ulisema katika maelezo yako hapakuwahi kuwa na wavu kwenye mfereji."

"Nilisema hivyo."

"Na afisa wa maji alipokupa kibali cha bwawa aliandika mfereji usizibwe kwa kitu chochote."

"Kibali ninacho. Nakijua."

Wabwire aliinama akagusa ukingo wa juu wa wavu. Kingo tatu zilikuwa na kutu ya zamani. Wa nne, uliokatwa kwa koleo, ulikuwa unang'aa kama sindano mpya. Alipitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, bila haraka.

"Huu umekatwa juzi," alisema. "Kipande kilichobaki kiko wapi, Mzee?"

Ndani ya nyumba, kijiko kilianguka sakafuni.

"Nilimpa fundi."

"Fundi gani?"

"Mmoja wa kule Mamboleo. Jina limenitoka."

"Huwa yanatoka," Wabwire alisema. Aligeuka kutazama ziwa. Mbali, juu ya maji, wingu lilikuwa limejijenga, jeusi chini, jeupe juu, kama ilivyo desturi ya alasiri za Aprili. "Na wale samaki walionusurika kwenye tope? Nimesikia ulikusanya karibu nusu."

"Niliwaweka bwawa la juu."

"Lile lililo juu ya shule."

"Ndiyo."

Wabwire alimaliza chai yake. "Wingu lile litafika hapa saa kumi, Mzee, au kabla. Na watoto wanatoka shule saa kumi." Alimrudishia Rahab kikombe dirishani kwa mikono miwili. "Asante kwa chai, Mama. Sisi tunaondoka. Mengine tutazungumza baadaye."

Alitoka. Tom alimfuata mpaka kwenye gari akiwa na maneno mdomoni kama mtu mwenye kaa la moto.

"Tunaondoka? Mtu umemshika shingo, unamwachilia?"

"Endesha mpaka barabarani," Wabwire alisema, "kisha upande kwa njia ya nyuma. Upesi."

*

Bwawa la juu lilikuwa dogo, nadhifu, limejaa hadi ukingo wa mfereji wake. Chini yake, ng'ambo ya uwanja wa mpira, paa la shule lilionekana, na sauti za watoto wakikariri majedwali zilipanda na upepo. Kwenye mlango wa mfereji wa kando, kati ya nguzo mbili za mti mbichi, wavu wa kahawa ulikuwa umekazwa sawasawa kwa misumari. Majani na vijiti vilishaanza kujishika juu yake, na mvua yenyewe haijafika.

Tom alipiga mluzi. "Amefanya tena. Baada ya ile yote, amefanya tena."

"Alikuwa akifikiria samaki," Wabwire alisema. "Mtu akipoteza kitu, macho yake huwa pale pale kilipopotea. Lete koleo."

Walifanya kazi upesi. Misumari kumi na minne. Wavu ulipolegea, maji yaliyokuwa yameuzidi mlango kwa kidole kimoja yalijimimina mferejini kwa mlio mdogo wa furaha, na nyasi za humo zikaanza kulala, moja baada ya nyingine, kama zilivyopaswa. Wabwire aliukunjua wavu juu ya nyasi. Ukingo wake mmoja ulikuwa unang'aa. Alihesabu jinsi nyuzi zilivyokatwa: mbili fupi, moja ndefu, tatu fupi. Aliufahamu ukingo ule. Alikuwa amepitisha kidole juu ya mwenzake muda mfupi uliopita.

"Basi tumemaliza," Tom alisema. "Ushahidi tunao. Twende tumchukue."

"Ushahidi tunao. Tungoje kidogo."

"Tunangoja nini?"

Wabwire aliukunja wavu, akaketi juu ya nguzo iliyong'olewa. "Nilimwambia mambo mawili tu: saa ya mvua na saa ya shule. Hajui kwamba tuko hapa. Akikaa kimya nyumbani, kwa hesabu yake hakuna anayejua habari ya wavu huu, na mashtaka dhidi ya Wakhisi yanasimama. Akija kuutoa, amejivunjia kesi mwenyewe."

"Hatakuja," Tom alisema. "Mimi najua watu. Atafunga dirisha aombe Mungu."

"Atakuja."

"Akija nakuletea ngege mkubwa kutoka nyumbani, wa kushiba watu wanne."

"Mwambie mama watoto atayarishe karai."

Wingu lilifika juu ya Kisian. Upepo ulibadilika, ukaleta harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Saa kumi kasoro dakika kumi tone la kwanza lilianguka juu ya kofia ya Tom. Tom aliitazama saa yake, akaivuta kofia chini.

Mtu alikuwa akipanda mlima. Alipanda mbio, na hakuwa mtu aliyezoea kukimbia. Mara mbili aliteleza akashika nyasi. Shati lilikuwa bado limefungwa kifungo cha shingo. Mkono wake wa kulia ulikuwa na koleo.

Kangethe alifika ukingoni mwa bwawa, akaenda moja kwa moja kwenye mfereji, akapiga magoti, akanyoosha koleo. Halikukuta kitu. Alipapasa maji kwa mkono wa pili, kushoto, kulia. Ndipo alipoinua macho akawaona.

Mvua ilianza kudondoka kwa wingi, na maji yalipita kati ya magoti yake yakishuka mferejini.

"Tumeshautoa, Mzee," Wabwire alisema. "Saa moja iliyopita. Watoto wako salama."

Kangethe aliliacha koleo likaanguka. Aliketi palepale majini, mzee wa kanisa na suruali yake ya kitambaa kizuri.

"Mimi sikula samaki mpaka nilipofika miaka thelathini na tano," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia habari ya mtu mwingine. "Kwetu hatukuwa tukila. Nilipochimba bwawa nikaweka ngege, nikaona sasa mimi pia ni mtu wa hapa. Halafu mvua ikaja ikawachukua, watoto wakawaokota kijitoni. Sokoni wakanicheka, eti Kangethe anafugia mto. Wakhisi aliniambia nitoe ule wavu. Aliniambia mara tatu."

"Jumanne uliutoa saa ngapi?"

"Walipokuwa wakimfunga. Kila mtu alikuwa akimtazama yeye, au Mama Sewe. Uling'oka kwa urahisi, bwawa lilikuwa tupu. Nilijiambia nitasema baadaye. Kisha askari akaniuliza, nikasema hapakuwa na wavu, na nikisha kusema hivyo..." Alifuta uso. "Ukifika nyumbani na uongo, Inspekta, huna mahali pa kuuweka. Rahab hajasema nami tangu Jumanne."

"Utayasema haya kituoni? Na kuyatia sahihi?"

"Nitayasema leo."

"Kuna nyumba ya Mama Sewe na mguu wake. Kuna maelezo ya uongo kwa polisi. Sitakuficha, utajibu yote mawili."

"Nijibu. Sikupanda mlima huu nikidhani sitajibu."

Tom alivua koti lake la mvua, akalitazama kama mtu anayeaga rafiki, akamwekea Kangethe mabegani. "Simama, Mzee," alisema kwa sauti nzito. "Utashikwa na kichomi, halafu tuandike maelezo mengine."

Kule chini kengele ya shule ililia. Watoto walitoka mbio katika mvua, wakipiga kelele, wakivuka uwanja chini ya ukuta bila hata kuinua macho.

*

Saa kumi na mbili jioni Wabwire aliichana ile hati ya mashtaka vipande viwili, akaviweka ndani ya jalada mahali pake, kwa kuwa hata karatasi iliyochanwa ni kumbukumbu. Kisha akachukua ufunguo. Kangethe alikuwa amemaliza kutia sahihi kurasa tano. Aliomba jambo moja: amfuate korokoroni. Wabwire alifikiri kidogo, akakubali.

Mlango ulipofunguliwa Wakhisi alisimama. Alimwona tajiri wake, nguo zimelowa, koti la polisi begani, na alishangaa waziwazi. Kangethe alitafuta maneno. Alikuwa ameyatayarisha garini njia nzima kutoka Kisian, Wabwire alimsikia akiyanong'ona, lakini sasa hayakuja.

Wakhisi ndiye aliyetangulia kusema. Mvua ilikuwa bado ikinguruma juu ya mabati, naye alikuwa akiisikiliza kwa kichwa kilichoinamishwa upande, kama alivyozoea.

"Mzee," aliuliza, "lile la juu?"

"Mfereji uko wazi," Kangethe alisema. "Maji yanapita."

Wakhisi aliitikia kwa kichwa, kisha akainama kuchukua viatu vyake.